Chaki kwenye Matofali ya Wrigley Field

Ndugu zangu, nimeulizwa tena, kama ninavyoulizwa kila ninapozungumzia besiboli, ni kitu gani kinachomliza mtu mzima katika mchezo ambao wachezaji husimama kuliko wanavyokimbia. Jibu langu ni lilelile: kutazameni Chicago mwaka 2016.

Timu ya Cubs ya huko Chicago ilikuwa haijatwaa ubingwa tangu 1908. Mwaka 1945 William Sianis, mwenye baa, alikwenda kutazama fainali pamoja na mbuzi wake, tena akiwa amemkatia tiketi. Inasimuliwa kwamba walitolewa uwanjani kwa sababu mbuzi ananuka, naye Sianis akailaani timu. Chekeni, kwani ni kichekesho kweli, mbuzi mwenye tiketi halali kufukuzwa kwa harufu yake! Lakini Cubs walifungwa na Detroit, wasionekane tena katika fainali kwa miaka 71. Mtoto aliyesimuliwa kisa hicho na babu yake alikua, akazeeka, akawasimulia wajukuu, na timu bado haijashinda.

Ubingwa ulipopatikana, watu walimiminika Wrigley Field, uwanja wa Cubs, na vipande vya chaki, wakaandika kwenye matofali ya kuta za nje majina ya baba, mama na babu waliofariki wakiingoja siku ile. Majina yalibanana tofali kwa tofali, moja likipanda juu ya jingine, hata ukuta mwekundu ukageuka mweupe. Nao waliandika kwa chaki, wakijua fika kwamba mvua moja tu ingeyafuta yote.

Kuna atakayeniambia kwamba soka nayo ina machozi. Sikatai. Ila katika soka anayeongoza huweza kuusubiri muda umwokoe, ilhali besiboli haina dakika ya tisini: lazima umtoe mpigaji wa mwisho, na mpaka hapo aliye nyuma ana haki ya kutumaini. Katika mchezo wa saba, ulio wa mwisho, wa fainali ile ya 2016, huko Cleveland, Cubs waliongoza 6 kwa 3, wakasawazishiwa, mvua ikasimamisha mchezo kwa dakika 17, ndipo wakashinda 8 kwa 7 katika kipindi cha kumi, yaani cha nyongeza.

Muda unanibana, nami sijamgusa mchezaji Jose Canseco, ambaye mwaka 1993, katika mji huohuo wa Cleveland, alirudi nyuma kuudaka mpira, ukamdunda utosini, ukavuka uzio, na mpinzani akazunguka besi, yaani vituo, zote nne kwa raha zake.