Nyumba Zilizopeana Mgongo

Ahsanteni, kaeni tafadhali. Nianze kwa kuwauliza kina mama: nyumba isiyo na mlango wa uani mngeiitaje? (Kicheko.) Nimesikia mtu huko nyuma kasema "jela". Basi jioni hii tunakwenda kwenye nyumba 11 zenye mlango mmoja mmoja tu, Birmingham, Uingereza, pale mtaa wa Inge unapokutana na mtaa wa Hurst.

Nyumba za wafanyakazi wa Kiingereza nyingi mmeziona kwenye picha: zimepangwa safu, ukuta kwa ukuta, kama mabehewa ya treni. Za hapa zilibana zaidi. Jengo moja liligawanywa katikati kwa ukuta mwembamba. Nusu ikatazama barabara, nusu ikatazama ua. Zimepeana mgongo. Chumba kimoja chini, kimoja juu yake, kingine juu kabisa, basi. Dirisha la nyuma halipo, maana nyuma yako ndiko kwa jirani, na akikohoa unamsikia.

Sasa mfikirie mpangaji wa nyumba ya mbele, usiku wa Januari, tumbo limemshika. Choo ni cha pamoja, kiko uani. Ashuke ngazi nyembamba inayojizungusha, atoke barabarani kwenye baridi, aingie uchochoroni, apenye hadi uani, halafu akute kuna mtu ndani! Ndiyo maana kila uvungu wa kitanda ulikuwa na chombo chake. Sisi tuliokulia vyumba vya kupanga haya hatuhitaji kuelezwa sana.

Ua wenyewe unaitwa Court 15, yaani ua nambari 15, na ulikamilika mwaka 1831. Inakadiriwa kuwa familia zaidi ya 500 zimepita humo. Tukiwatafuta kwenye madaftari ya sensa tunakuta majina na kazi zao, na mimi hizo kazi ndizo zilizonikamata. Miaka ya 1840 walikaa kina Levy, Wayahudi, na baba alikuwa fundi wa akrabu, ile mishale ya saa. Hatengenezi saa nzima, hapana: mishale tu. Birmingham ndivyo ilivyokuwa, kitu kimoja kinapita mikononi mwa mafundi kumi, na wengi wao wanafanyia kazi palepale wanapolala.

Kina Mitchell wao walikuwa mafundi kufuli, na ukoo wao ulishikilia pale karibu miaka 95, hadi 1935. Hebu zipigeni hesabu hizo kodi.

Halafu miaka ya 1870 yuko Herbert Oldfield, fundi wa macho ya kioo. Nilipotembelea chumba chake kilichopangwa upya nilisimama muda mrefu mbele ya macho hayo. Nilihama upande wa pili wa meza, bado yananitazama. Nikawawazia watoto wa nyumba ile usiku, mshumaa umebaki kipande.

Nyumba za aina hii hazikuwa chache. Mwaka 1913 Birmingham ilikuwa na zaidi ya 43,000, na watu wapatao 200,000 ndani yake. Sheria ya mwaka 1909 ilishapiga marufuku kujenga mpya, ingawa mji wa Leeds, hukohuko Uingereza, walipata njia ya kuendelea hadi miaka ya 1930, na huko watu wanaishi humo hadi leo. Birmingham, baada ya Vita vya Pili, tingatinga lilipita. Ua baada ya ua ukawa kifusi.

Huu ulinusurikaje? Si kwa sababu ya mtu mkubwa aliyewahi kuzaliwa humo. Mwaka 1966 serikali ya mji ilisema hapafai tena kulala watu, vyumba vya juu vikafungwa. Lakini chini, upande wa barabarani, palikuwa na maduka, na maduka yaliruhusiwa kuendelea. Jengo lenye mwenye duka anayefungua kila asubuhi si rahisi kulibomoa.

Mmoja wa hao wenye maduka alikuwa George Saunders, fundi cherehani kutoka kisiwa cha Saint Kitts, Karibiani. Alifika Birmingham mwaka 1958, na kuanzia miaka ya 1970 akashona suti katika nyumba hizi. Mnaona mwenyewe mstari unavyokwenda: akrabu, kufuli, macho ya kioo, suti. Wenyeji wanabadilika, meza ya kazi haiondoki dirishani.

Mwaka 1988 ua ukaingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa, kisha ukakarabatiwa, na mwaka 2004 shirika la National Trust, linalotunza majengo ya kale, likaufungua kwa wageni. Ndio ua pekee wa aina yake uliobaki mzima Birmingham. Duka la Saunders limo kwenye ziara, na mashine na vitambaa vyake, kana kwamba katoka kidogo kunywa chai.

Na pembeni kuna duka linalouza kweli, la pipi za mtindo wa miaka ya 1930, zinapimwa kutoka kwenye mitungi ya kioo. Mimi nilinunua za tangawizi. Zimeisha kabla sijafika stesheni, ndiyo maana leo hamkuletewa. Haya, naona mikono imeshainuka, tuanze na wewe mzee wa mbele.