Mjomba kwenye Polysix: kwaya, ilimba na ubishi ambao haujaisha

YONA: Karibuni tena jamani, ni sisi wale wale, mi Yona na dada Neema, tuko Area D kama kawaida, huo upepo mnaousikia ni wa Dodoma wenyewe na dirisha hili halifungi kwa hiyo tuvumiliane.

NEEMA: Na leo tumejipanga. Nina karatasi hapa, mambo matatu ya kuangalia kabla hujanunua sintesaiza ya zamani ya analogi, yaani kinanda kinachotengeneza sauti kwa saketi za umeme, zile zinazopiga noti nyingi kwa pamoja. Betri, umeme wake, na jinsi ya kuikagua.

YONA: Ila kabla ya karatasi lazima tuongelee Alhamisi.

NEEMA: Ah, Alhamisi! Haya simulia, we ndo mwenye kinanda.

YONA: Sasa nyie wa siku zote mnaijua Polysix yangu, ile sintesaiza ya kampuni ya Korg ya 1981 niliyoinunua kwa watu wa kanisa moja ilikuwa imekaa stoo. Alhamisi jioni nikaipakia kwenye bajaji nimeifunga na blanketi nikaipeleka mazoezini kwa kwaya ya kina Neema maana harusi ni mwezi ujao, nikaiwasha, nikaiacha ipate moto, tukaanza wimbo wa kuingilia. Kodi ya kwanza, yaani zile noti kadhaa unazobonyeza kwa pamoja, tamu. Ya pili kuna kitu katikati kimepinda, ya tatu kimepinda ila sasa kiko juu, ya nne tamu tena.

NEEMA: Alafu mwalimu wetu ana sikio kali, kodi ya pili akawaangalia teno, ya tatu akatugeukia sisi wa juu, kila mtu anajitetea.

YONA: Mi nikasimamisha nikawaambia tulieni, nikabonyeza noti moja tu, ile ile, taratibu. Moja safi, mbili safi, tatu safi, ya nne imepanda kidogo, tano safi, sita safi. Nikarudia, ya nne tena. Nikasema jamani si nyie, ni sauti ya nne.

NEEMA: Na hapo ndo ugomvi ukaanza, maana kwenye kwaya sauti ya nne ni besi! Kaka zetu wa besi walinuna, mmoja akasema sisi hatujafungua hata mdomo. Ndo dada mmoja wa alto akasema basi tumpe jina tusigombane, tumuite Mjomba, kwa sababu kila familia ina mjomba mmoja anayefika kwenye shughuli na mipango yake mwenyewe.

YONA: Na jina limeshika, watoto wa kwaya wananiona sokoni Majengo wananiuliza shikamoo, Mjomba hajambo?

NEEMA: Sasa elezea kwa nini anahama, maana watu wanaona ni maajabu, mara yuko kwa teno mara yuko soprano.

YONA: Iko hivi. Ndani ya Polysix kuna saketi sita, ndo hizo tunaziita sauti, kila moja ina oskileta yake inayotoa mlio, ina filta yake ya kuchuja mlio, ina sehemu yake ya kufungua na kufunga sauti. Ni kama una vinanda sita vidogo vya noti moja moja ndani ya boksi moja. Ukibonyeza, kompyuta ndogo ya ndani inaikabidhi ile noti kwa saketi moja, ukibonyeza nyingine inakwenda kwa inayofuata, mpaka ya sita alafu inarudi mwanzo. Kodi ya noti nne ikishapita, inayofuata inaanzia pale ilipoishia ile nyingine, kwa hiyo Mjomba kuna kodi yumo kuna kodi hayumo, na akiwemo hakai mahali pamoja.

NEEMA: Na noti ya saba?

YONA: Hakuna ya saba, una sita basi. Na kwa wakati ule sita zilikuwa nyingi! Prophet-5, sintesaiza ya Mmarekani Dave Smith, ilitoka 1978, sauti tano, bei yake karibu dola 4,000. Korg wakaja 1981 na hii, sauti sita, ina kumbukumbu za kuhifadhi milio 32, chini ya dola 2,000. Mtu wa bendi ya kawaida kwa mara ya kwanza akaweza kuota kitu kama hicho. Alafu 1983 ikaja DX7 ya Yamaha, dijitali, sauti 16, haipotezi tuni, yaani noti zake hazipandi wala kushuka, hata uiweke juani, na zile za analogi zikaanza kuwekwa stoo. Ndo stoo nilizozikuta mimi.

NEEMA: Umesema neno, haipotezi tuni. Tuanzie hapo.

YONA: Nilijua utaanzia hapo.

NEEMA: Mi msimamo wangu niliutoa Alhamisi na sijabadilika. Ipeleke kwa fundi, kila saketi ina vile vitrima vyake vya kuzungusha na bisibisi, zote sita ziwekwe sawa kabisa, Mjomba akae kwenye mstari na wenzie. Tuna watu arobaini wanaimba kwa kusikiliza kile kinanda, kikipinda tunapinda wote.

YONA: Mjomba anaenda kwa fundi, hilo halina ubishi, amepanda mno. Ninachokataa ni "sawa kabisa". Dada Neema, oskileta zile ndani yake kuna tranzista, na tranzista ikipata joto inabadilika, ikipoa inabadilika. Na hapa kwetu mwezi wa sita si unajua, asubuhi sweta, saa nane mchana unatafuta kivuli. Hazitakaa sawa kabisa hata umpe fundi wa malaika. Na ile tofauti ndogo, yaani ndogo sana, hii iko juu kiduchu hii iko chini kiduchu, ndo inafanya kodi ipumue. Ukishika kodi ndefu uache unaisikia inatembea yenyewe taratibu, zinasogeleana zinaachana. Hicho ndo nilichonunua.

NEEMA: Unachosikia kinatembea ni ile Ensemble, ile efekti ya pale kulia inayofanya sauti iyumbe, hata ukiweka oskileta zilizonyooka kama rula Ensemble itatembea.

YONA: Nimeizima Ensemble nikasikiliza kavu. Inatembea. Na wala sio jambo geni kwetu, nenda kijijini usikilize Wagogo wakiimba, sauti zinavyoingiliana, kila mmoja kaingia na koo lake, hamna aliyempimia mwenzie na mashine. Nenda kasikilize ilimba, ile ala yao ya ndimi za chuma! Ilimba haifuati kinanda cha mzungu hata kidogo.

NEEMA: Ngoja. Ngoja ngoja ngoja. Umeingia nyumbani kwangu sasa.

YONA: Haya tumefika Mvumi, kijijini kwao Neema.

NEEMA: Tumefika Mvumi ndio, maana babu yangu alikuwa na ilimba na nilikuwa namshikia wakati anaituni. Yona, watu wakisema ilimba haifuati kinanda ni kweli, Wagogo tuna ngazi yetu, wataalamu wanaeleza kwamba inatokana na zile sauti za asili zinazozaliwa ndani ya mlio mmoja. Lakini haifuati kinanda sio kwamba iko hovyo! Babu alikuwa anagusa ulimi mmoja wa chuma, anausogeza kwa nyundo ndogo, tik, anasikiliza, anaurudisha unywele mmoja, anasikiliza tena. Alafu anachukua nta anabandika chini ya ulimi, kidonge kidogo kama punje ya uwele, ili ushuke. Ikizidi anabandua kwa kucha. Nimekaa pale mpaka mguu umekufa ganzi na babu hajaridhika na ulimi mmoja. Sasa uniambie yule mzee alikuwa anataka Mjomba ndani ya ilimba?

YONA: Lakini ile ilimba ina tundu lenye utando wa buibui, si ndio? Kwa ajili ya nini? Ili ikoroge, ili kila noti iwe na mkwaruzo juu yake. Mtu anayetaka usafi wa maabara haendi kutafuta utando wa buibui dada yangu.

NEEMA: Utando ni rangi ya sauti. Tuni ni tuni. Hivyo ni vitu viwili na babu alivitenganisha, kwanza anatuni, utando anaubandika kwa sababu zake. We unachanganya.

YONA: Sichanganyi, na zile ndimi nyingine ambazo hazipigwi? Ilimba kubwa kubwa kama alizokuwa anapiga marehemu Hukwe Zawose, ndimi nyingi mle hata haziguswi, zinaitikia tu zenyewe wenzie wakipigwa. Ule ndo uhai ninaousema, kitu kinalia ambacho hukukiamuru.

NEEMA: Na zinaitikia kwa nini? Kwa sababu zimetuniwa sawa sawa na zinazopigwa! Ukiupindisha ulimi hauitikii, unakaa kimya. Umenipa ushahidi mwenyewe.

YONA: Hm. Zinaitikia hata zikikaribiana.

NEEMA: Zinaitikia vizuri zikilingana.

YONA: Zikikaribiana kunakuwa na yale mawimbi, wau wau wau, na yale ndo matamu. Siwezi kukubali hapo Neema, kwa kweli siwezi.

NEEMA: Na mi siwezi kwenda mbele ya bibi harusi na wau wau wau.

YONA: ...

NEEMA: ...

YONA: Mzee Zawose alifundisha miaka mingi pale Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akafariki 2003, natamani angekuwepo tumpigie simu sasa hivi.

NEEMA: Angesema kama babu.

YONA: Angesema kama mimi. Sikiliza, fundi wangu pale mjini nimeshaongea naye na ananielewa, yeye ni fundi wa redio wa siku nyingi, kaniambia kwanza iwake nusu saa mfuniko ukiwa umefungwa, maana ukiufungua tu hewa inaingia inapoa na unachotuni sio kile utakachosikia jukwaani. Unafungua, unazungusha kidogo, unafunika, unasubiri. Nimempa amri, Mjomba amlete karibu na wenzie, asimbane.

NEEMA: Na mi nitakuja na simu yangu yenye programu ya kupima noti nikae hapo hapo kwa fundi, na nitamwambia ambane.

YONA: Kinanda ni cha nani?

NEEMA: Harusi ni ya nani?

YONA: Ya binamu yako, haya, lakini usinipe jibu la harusi kwenye swali la sauti. Mtu akitaka noti zilizonyooka zipo kibodi nzuri tu za siku hizi, anunue hiyo, ni nyepesi, haihitaji blanketi. Kama tumekubali kubeba hii Korg mpaka ukumbini tuikubali na tabia yake.

NEEMA: Mi naipenda hii Korg kuliko unavyodhani. Ile siku ulipiga mlio mmoja, unafungua filta polepole, mama mmoja wa kwaya alitokwa machozi na mi nilikuwa nimesimama pembeni yake. Kwa sababu naipenda ndo nataka ipewe heshima ya kutuniwa kama ilimba ya babu, sio isingiziwe kwamba ubovu ndo uzuri wake.

YONA: Sijasema ubovu.

NEEMA: Umesema kupumua.

YONA: Kupumua sio ubovu!

NEEMA: Yona saa. Watoto wa mazoezi ya jioni wameshafika mlangoni nawaona, na karatasi hatujagusa hata mstari mmoja.

YONA: Tutafanya wiki ijayo.

NEEMA: Hapana angalau betri, mtu anaweza kuharibikiwa wiki hii.

YONA: Haraka haraka basi. Kama una Polysix na hujawahi kuifungua, tafuta fundi aifungue. Kuna betri ya kuchaji ya nikeli-kadmiamu imebandikwa juu ya bodi kwa ajili ya kushika kumbukumbu, ikizeeka inavuja, ile dawa yake inakula njia za shaba, ukiona ukijani au unga mweupe ujue imeanza. Itolewe, bodi isafishwe. Na kama fundi anaweka ya lithiamu lazima aikate ile njia ya kuchaji au aweke dayodi ya kuzuia chaji, lithiamu ya aina ile haichajiwi, ni hatari. Alafu zile zilizotengenezwa kwa soko la Ujapani ni za volti 100 na umeme wetu ni 230, kwa hiyo kabla hujachomeka geuza nyuma usome kile kibati, kama imeandikwa 100 unahitaji transforma ya kushusha, na transforma yenyewe usichukue ile ya...

NEEMA: Wanagonga.

YONA: ...ya bei rahisi ambayo...

NEEMA: Yona wanagonga mlango, nazima. Haya jamani, transforma wiki ijayo. Ingieni watoto, ingieni, viatu hapo nje.