Gramu moja kwenye sentrifuji: mazungumzo na wafanyakazi wa maabara, Chake Chake

Assalamu alaikum, hebu wa nyuma sogeeni jamani, hiyo feni itakufanyeni msinisikie. Leo ni sentrifuji tu, ile mashine inozungusha tyubu za damu kwa kasi, na nnaanza na kusawazisha, yani uzito uwe sawa pande zote, maana hapo ndo penye balaa.

Wengi wetu tunatizama kimo, tyubu hii imefika hapa na ile imefika hapa, basi zi sawa. Sizo. Damu nzito kuliko maji, kwahiyo damu huku na maji kule kwa kimo kimoja bado hujasawazisha, tia kwenye mizani. Mtanambia ah, gramu moja si kitu. Haya tupige hesabu: rota, kile kinoshika tyubu na kuzunguka, ya nusu kipenyo sentimita 15, mizunguko 3,000 kwa dakika, nguvu inafika kama mara 1,500 ya uzito wa kawaida, yani gramu yako hiyo moja inavuta kama kilo moja na nusu, tena inazunguka mara 50 kila sekunde. Ukizidisha spidi mara mbili nguvu inakuwa mara 4, sio mbili. Ndo ukaona mashine inahama mezani kama mbuzi anotaka kukata kamba.

Rota ya nafasi 6 tyubu 3 zinakaa, ruka nafasi moja moja. Tyubu 5 hazikai hata upange vipi, ongeza ya sita ya maji, ipime.

Kule Marekani, Chuo Kikuu cha Cornell, Disemba 1998, rota ya mashine ya spidi kubwa ilipasuka ikizunguka, madirisha yakavunjika na mafriji ya jirani yakaharibika, bahati hakuumia mtu. Alumini ya rota inachoka, na inaliwa na chumvi, sasa sisi na hewa yetu hii ya bahari tusifute rota, tusiikaushe? Na jiki msiitie kwenye alumini, nakuombeni.

Tyubu ikivunjika ndani, zima, uache mfuniko umefungwa dakika 30, Shirika la Afya Duniani ndo linavoelekeza, maana mna ukungu wa damu ambao huuoni kwa macho. Vigae vya gilasi utoe kwa koleo, vidole hapana, hata kama una glavu.

Umeme ukikatika usihangaike na loki ya mfuniko, rota bado inakwenda. Na yule aloniuliza zile mashine za zamani zisokuwa na loki, kama aweza kuisimamisha rota kwa kidole: hapana bwana, kaa usubiri.