Barafu Inayolisha Bahari: Maelezo kutoka Svalbard

Ndugu zangu watazamaji wa Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo na popote mlipo, nawasalimu kutoka Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa vya Svalbard vya Norway, nyuzi 78 kaskazini mwa ikweta. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kama katika barafu hii yote mnayoiona nyuma yangu kuna kitu chochote kilicho hai, na swali hilo linastahili jibu refu kuliko lile ninaloweza kuliandika chini ya video. Uhai upo, tena mwingi, na hauishii hapa juu. Barafu hukusanya virutubisho kutoka hewani na maweni, vijiumbe huvigeuza, maji huvichukua, na mwisho wake huwalisha samaki, ndege, sili na dubu ambao hawajawahi kukanyaga hapa nilipo.

Mto huu wa barafu, au barafuto kama wataalamu wetu wanavyouita, ni Longyearbreen, nao unateremka kuelekea mjini. Tumo katika majira ambayo jua halitui usiku wala mchana, na theluji ya msimu wa baridi imekwisha kuyeyuka, ndiyo maana barafu yenyewe iko wazi na viatu vyangu vimefungwa njumu za chuma. Mwenzangu mnayemwona ameshika bunduki hawindi. Nje ya makazi mtu hatoki bila ya njia ya kujikinga na dubu weupe.

Sasa nashusha kamera. Tazameni tundu hili, ambalo mdomo wake haufiki upana wa kiganja changu. Limejaa maji yaliyo safi kiasi cha kutoonekana, na chini kabisa pametanda punje nyeusi zinazofanana na mashapo ya kahawa. Punje hizi huitwa kriokoniti, jina lililotolewa na mpelelezi Adolf Erik Nordenskiöld aliyezikuta Greenland mwaka 1870. Katika safari ile alifuatana na mtaalamu wa mimea, Sven Berggren, ambaye ndiye aliyeonyesha kwamba katika kile kilichodhaniwa kuwa vumbi tupu mlikuwa na mwani ulio hai. Vumbi la mawe huletwa na upepo, nalo kwa sababu ya weusi wake hufyonza joto la jua na kuyeyusha barafu iliyo chini yake, hivyo likazama kidogo kidogo mpaka likajichimbia tundu. Humo huanza kazi bakteria wenye umbo la nyuzi, waitwao sianobakteria, ambao huzifunga chembe za vumbi pamoja kwa nyuzi zao na kwa utando wenye kunata, mpaka zikawa punje hizi. Nikiibonyeza moja kwa vidole, inakataa kusambaratika.

Wanajipatia wapi chakula mahali kama hapa? Kaboni wanaitoa hewani kwa usanisinuru, kama ufanyavyo mmea wowote. Naitrojeni huwafikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni theluji, ambayo huanguka ikiwa imebeba naitreti na amonia, na sehemu ya shehena hiyo hutoka viwandani, katika magari na mashamba ya Ulaya, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Ya pili ni kazi ya baadhi ya sianobakteria hao, ambao huweza kuikamata naitrojeni ya hewa na kuigeuza kuwa mbolea, kazi inayowagharimu nguvu nyingi. Fosforasi ndiyo taabu kubwa, kwa kuwa haipatikani hewani kama gesi. Chanzo chake ni vumbi la mwamba, na ndiyo maana mara nyingi ndiyo inayoamua uhai huu ukue kiasi gani. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mzunguko mzima wa naitrojeni unaweza kukamilika ndani ya punje moja. Upande wa nje kuna mwanga na oksijeni, na huko amonia hugeuzwa kuwa naitreti. Katikati ya punje oksijeni hupungua, na vijiumbe wa huko huigeuza naitreti hiyo kuwa gesi na kuirudisha hewani. Wapo pia wanyama. Ukiweka tone la matope haya chini ya hadubini unaweza kumwona tadigradi akitambaa kwa miguu yake minane, na rotifa akichuja bakteria kutoka majini.

Nje ya matundu, juu ya barafu tupu, huishi mwani mwingine wenye rangi ya zambarau iliyokolea kahawia, na mmoja wao, Ancylonema nordenskioeldii, ulipewa jina la yule mpelelezi. Rangi hiyo huukinga na jua kali la majira haya, lakini pia huifanya barafu iwe nyeusi zaidi. Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, ilhali barafu iliyofunikwa na mwani na vumbi hurudisha kidogo sana kuliko hivyo, na matokeo yake huyeyuka haraka. Kusini magharibi mwa Greenland kuna ukanda mpana wa barafu nyeusi unaoonekana hata kwa setilaiti, na mwani huu ni mmoja wa wasababishi wake wakuu.

Maji yanayonipita miguuni hayaendi matupu. Theluji inapoanza kuyeyuka, maji ya mwanzo ndiyo yanayoondoka na sehemu kubwa ya chumvi na naitreti iliyojilimbikiza kipindi chote cha baridi, kwa hiyo mabonde na vijito hupata dozi kubwa katika siku chache. Baadaye, mengi ya maji hayo huingia katika nyufa na kushuka hadi sakafuni, mahali barafu inapogusa mwamba. Huko barafu husaga mawe kuwa unga laini, na unga huo mpya hutoa chuma, silika na fosforasi kwa wepesi kuliko jiwe zima.

Giza la huko chini haliwazuii viumbe. Januari 2013, watafiti wa Marekani walitoboa takriban mita 800 za barafu huko Antaktika ya Magharibi kwa maji ya moto yaliyosafishwa, wakafika kwenye Ziwa Whillans ambalo halioni jua. Katika kila mililita ya maji yake walihesabu seli zipatazo 130,000, nyingi zikijipatia nguvu kwa kuunguza amonia, chuma na misombo ya salfa. Ninapomsikia mtu akisema kwamba ncha za dunia ni jangwa, huikumbuka hesabu hiyo.

Chuma kina uzito wa pekee huko kusini. Bahari inayoizunguka Antaktika ina naitreti ya kutosha, lakini katika maeneo makubwa chuma ni haba mno, kiasi kwamba mwani wa baharini hushindwa kuitumia naitreti iliyopo. Barafu inayoyeyuka na milima ya barafu inayoelea huacha chuma njiani, na katika sehemu kama Bahari ya Amundsen maji huchanua kwa mwani kila kiangazi. Mwani huo huliwa na krili, viumbe wadogo wanaofanana na kamba wa baharini, na krili ndio riziki ya pengwini, sili na nyangumi.

Huku kaskazini jambo linakwenda kwa namna nyingine, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndicho kiini cha video hii. Upande wa kaskazini magharibi wa Svalbard kuna Kongsfjorden, hori refu la bahari lililoingia kati ya milima, na kando yake kipo kijiji cha watafiti cha Ny-Ålesund. Barafuto iitwayo Kronebreen hufika hadi ndani ya bahari hiyo na kuishia kwa ukuta wa barafu. Maji yaliyopita chini yake hayatokei juu. Hutokea kwenye sakafu ya bahari, makumi ya mita chini ya uso. Kwa kuwa hayana chumvi ni mepesi, kwa hiyo hupanda kwa kasi, na katika kupanda huko huyavuta maji ya chini ya bahari ambayo ni mengi mara nyingi kuliko yenyewe. Maji hayo ya chini ndiyo yenye naitreti. Barafuto, basi, hailishi bahari kwa kile ilichokibeba peke yake. Huilisha pia kwa kuipandisha juu akiba ya bahari yenyewe mpaka mahali penye mwanga.

Mbele ya ukuta ule maji huwa ya kahawia kwa wingi wa unga wa mwamba, na mwani hauwezi kustawi papo hapo kwa kukosa mwanga. Ustawi hutokea mbali kidogo, tope linapokuwa limetua. Hata hivyo, penye maji ya kahawia utaona shakwe kwa mamia wakipiga mbizi fupi fupi, kwa sababu viumbe wadogo wa baharini hupandishwa na mkondo na kulegezwa na maji yasiyo na chumvi, wakawa mawindo mepesi. Sili huja kutafuta samaki, nyangumi weupe hupita, na dubu huwafuata sili.

Ikiwa barafuto itarudi nyuma mpaka ikaishia nchi kavu, maji yake yataingia baharini juu juu kama mto, yakiwa na tope lakini bila ule mvuto wa kupandisha naitreti. Huko Greenland tofauti hiyo imepimwa: hori la Nuuk, ambalo barafuto zake hufika baharini, huzalisha mwani zaidi kiangazi kuliko hori la Young Sound la kaskazini mashariki, ambako barafuto huishia nchi kavu. Tunapozungumzia kuyeyuka kwa barafu, mara nyingi tunahesabu kupanda kwa kina cha bahari tu, na hesabu hiyo ni ya lazima. Lakini kwa maoni yangu tunapunjika tusipouliza pia barafu inaishia wapi.

Virutubisho vya baharini hurudi milimani kwa mabawa. Katika bonde la Bjørndalen, karibu na mji huu, ndege wadogo weusi kwa weupe hutaga chini ya mawe ya miteremko. Hula viumbe wa baharini, lakini kinyesi chao hukiacha huku juu, na chini ya makazi yao utaona mkeka wa kuvumwani, vimea vidogo laini visivyo na maua, na nyasi za kijani kibichi katikati ya changarawe, ambamo bata bukini na kulungu wa Svalbard hupata malisho. Ardhi iliyoachwa na barafu hivi karibuni haina bahati hiyo. Huko sianobakteria huanza upya, kisha kuvumwani, kisha mmea kama mwerebi wa ncha ya kaskazini (Salix polaris) ambao hauinuki hata kufika kifundo cha mguu.

Nimalizie kwa jambo linalotuhusu sisi wa ikweta. Mwaka 2014, watafiti waliokwenda Rwenzori, upande wa Uganda, waliandika kuhusu vibonge vya kuvumwani vilivyokuwa vikikua juu ya barafu ya Mlima Stanley, namna ambayo haikuwa imeelezwa popote kabla ya hapo. Barafu ile inakwisha, na ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya vilevile. Ninyi mnaopanda kila wiki mkiwaongoza wageni au mkibeba mizigo, mna picha ambazo maabara nyingi hazina. Kama mna picha ya barafu yenye madoa meusi, matundu au vibonge vya kijani, iwekeni pamoja na tarehe, jina la mahali na mwinuko, hata kama ni ya miaka mingi iliyopita na ilipigwa kwa simu. Nitazikusanya, kisha niwaombe watafiti wa kriokoniti wa chuo kilicho hapa mjini wazitazame, na majibu yao nitawasomea yalivyo.