Mamadou Dia: waziri mkuu aliyegusa biashara ya karanga

Ndugu wasikilizaji, tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika iligeuka kuwa jamhuri, cheo cha waziri mkuu kikafutwa na serikali yote ikawekwa chini ya rais. Siku nane baadaye Senegal, iliyokuwa na wakubwa wawili, rais Léopold Sédar Senghor na waziri mkuu Mamadou Dia, ilishuhudia mmoja akimwangusha mwenzake. Wengi wakisimulia kuanguka kwa Dia huanza na askari walioingia bungeni. Mimi naona tuanze na gunia la karanga.

Dia alizaliwa Khombole, karibu na Thiès, mwaka 1910. Alisomea ualimu katika chuo cha William Ponty, akafundisha, akawa mwalimu mkuu. Mwaka 1948 yeye na Senghor waliunda chama chao, wakatafuta kura za watu wa vijijini, ambao kabla ya 1946 hawakuwa na uraia wa Ufaransa kama wenzao wa miji ya Dakar, Gorée, Rufisque na Saint-Louis. Mwaka huohuo akawa seneta mjini Paris. Ufaransa ilipoyapa makoloni mabaraza ya serikali mwaka 1957, Dia akawa makamu mwenyekiti wa baraza la Senegal, kwa maana gavana Mfaransa ndiye aliyekalia kiti. Mwaka uliofuata kiti kikawa chake.

Sasa karanga. Zao hili lilikuwa zaidi ya robo tatu ya mauzo ya Senegal nje ya nchi. Mkulima alianza msimu akiwa hana mbegu wala chakula. Mfanyabiashara akamkopesha vyote. Wakati wa mavuno deni lililipwa kwa karanga, kwa bei ya mkopeshaji na kwa mizani ya mkopeshaji. Aliyebakiwa na magunia mawili matatu alilazimika kuyauza palepale, kisha akarudi kukopa. Nyuma ya mfanyabiashara huyo kulikuwa na makampuni makubwa ya Kifaransa, na katika maeneo mengi masheikh wa tarika nao walikuwa na mashamba mapana na sauti kubwa.

Dia alishika mnyororo huo katika kila pingili. Mwaka 1960 serikali iliunda ofisi ya kununua mazao. Vyama vya ushirika vikapewa kazi ya kukusanya na kupima, vituo vya mikoa vikagawa mbegu na zana kwa mkopo. Wanavijiji walichagua vijana wao, wakapelekwa mafunzo ya muda mfupi, wakarudi kuwaeleza wenzao. Hili la elimu ndilo ninaloliheshimu zaidi, kwani ushirika ambao wanachama wake hawajui kusoma mizani unamwachia karani nafasi ya kuwa tajiri mpya. Mei 1962 alitoa waraka uliotaka ushirika usiishie kwenye karanga, bali ushike maendeleo yote ya kijiji.

Tatizo ni kwamba waliopoteza faida kwa mageuzi hayo walikuwa na watu wao bungeni. Katiba ya Agosti 1960 ilimfanya Senghor rais na mlinzi wa katiba, ikampa Dia kuongoza sera, utawala na majeshi. Lakini Dia angeweza kuondolewa kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge 80, wakati rais hakuguswa na kura hiyo.

Desemba 1962 hoja ya kutokuwa na imani na serikali ikawasilishwa. Dia alishikilia kwamba chama ndicho kiijadili kwanza, na kwamba hali ya hatari ilikuwa bado inaendelea, hivyo hoja hiyo haikupaswa kujadiliwa. Katiba haikukitaja chama kuwa mlango wa kupitia. Tarehe 17 akatuma askari kufunga Bunge, na wabunge wanne wakakamatwa. Waliobaki wakakutana nyumbani kwa spika Lamine Guèye, wakaipitisha hoja. Kwenye karatasi jeshi lilikuwa chini ya Dia. Siku ile askari wa miavuli walimtii rais. Kesho yake Dia alikamatwa. Kwa maoni yangu, kosa lake kubwa ni kuliziba Bunge: hata aliyeupenda ushirika hakuwa tena na hoja ya kumtetea nayo.

Mei 1963 alihukumiwa kifungo cha maisha, akapelekwa Kédougou, mbali kusini-mashariki. Katiba mpya ilikuwa imekwisha kukifuta cheo chake. Kilirudi mwaka 1970 kwa Abdou Diouf. Dia aliachiwa mwaka 1974, akafariki Dakar tarehe 25 Januari 2009.

Vyama vya ushirika havikufutwa. Mizani ilibaki, mikopo ilibaki, elimu ya wanachama ikafifia. Mwaka 1966 likaundwa shirika moja la serikali, ONCAD, likakusanya madeni ya wakulima kwa ukali, na malalamiko ya kupunjwa kilo yakaenea vijijini. Lilivunjwa mwaka 1980, likiwa limelemewa na madeni yake lenyewe.