Jeni Moja Haitoshi Kuzuia Kutu ya Shina

Ndugu zangu wa mbegu, nanyi wanafunzi, kutu ya shina la ngano, ugonjwa unaoletwa na kuvu, mnaijua. Narudia nisemalo kila mara hapa Nairobi: msitoe mbegu inayotegemea jeni moja kubwa, yaani jeni inayozuia kutu peke yake. Tumieni jeni ndogo kadhaa kwa pamoja, Sr2 ikiwemo.

Sr31, jeni kubwa mojawapo, ilitoka kwenye rai, jamaa ya ngano, na ngano nyingi duniani zikaitegemea. Mwaka 1998 Uganda ikaonekana kutu iliyoishinda, Ug99. Mwaka 2006 hapa Kenya ikaja aina yake iliyoishinda jeni nyingine kubwa, Sr24, na 2007 iliyoishinda Sr36. Kufikia 2014 Robin nayo, mbegu ya ngano iliyotegemea jeni SrTmp, ilikuwa imeelemewa. Jeni hizi kila moja hutambua protini moja tu ya kuvu. Protini hiyo ikibadilika, mmea hauna habari kwamba umevamiwa.

Mtasema Sr2 ni dhaifu. Peke yake, ndiyo, kwenye mashamba ya majaribio ya Njoro haivumilii msimu mbaya. Iunganisheni na jeni Lr34, Lr46 na Lr67, ambazo nazo hupunguza kasi ya kutu, muone. Lakini mnaitupa Sr2 kabla hamjaijua! Mnapulizia miche kwenye trei spora, yaani chembe za kuvu zinazoeneza kutu, siku ya 14 mnasoma alama 3 au 4, za mche ulioshindwa, mnang'oa. Sr2 haijitokezi kwenye miche, hujitokeza mmea ukikomaa. Tena shambani mnaona weusi chini ya vifundo vya shina na kwenye maganda ya masuke, mnadhani ugonjwa, mnang'oa tena. Pitisheni kidole: kutu hupasua ngozi ya shina na kuacha unga mwekundu-kahawia kidoleni, weusi huu hauna unga, nao ndio alama ya Sr2. Hali ya hewa huweza kuuficha, kwa hiyo usipouona, pima DNA kabla ya kuhukumu.

Na msisome shamba mara moja mkaondoka. Rudini kila wiki, mwandike asilimia ya shina iliyoshikwa, mkiilinganisha na mbegu dhaifu mliyopanda kando. Mnachotafuta ni mmea unaochelewa. Usafi wa siku moja haututoshi.

Dawa tuziache, saa imekwenda. Wanaopenda jeni kubwa, basi wekeni mbili au tatu ambazo hazijashindwa katika mbegu moja, wala msizitoe mojamoja, maana kuvu itazivunja kwa zamu. Na hapo pia DNA ni lazima: mmea wenye jeni moja inayofanya kazi na wenye tatu yote huonekana safi, jicho halitawatenganishia.