Tulitazame taya kabla ya dripu ya kwanza

Ndugu wauguzi, madaktari wa kinywa na meno, na wenzangu wa kliniki za saratani, asanteni kwa kufika.

Mgonjwa ambaye saratani yake ya matiti au ya tezi dume imeingia kwenye mifupa huwekewa dripu ya zoledronati, au huchomwa sindano ya denosumabu, ili mifupa isivunjike ovyo. Dawa hizi ni nzuri, na asitoke mtu hapa akamwambie mgonjwa aziache. Lakini zinazizuia seli zinazomeng'enya mfupa uliochakaa, na taya ni mfupa unaojijenga upya kwa kasi, umefunikwa na ufizi mwembamba tu, ndani ya kinywa chenye bakteria tele. Jino likishang'olewa, shimo linaweza kugoma kuziba. Ukimulika tochi unauona mfupa mtupu, umepauka na kuelekea manjano, na fizi za pembeni zimevimba, zinatoa usaha. Ukibaki wazi zaidi ya wiki 8, na taya hiyo haijawahi kupigwa mionzi, basi tunaishuku dawa kuwa ndiyo iliyoufisha mfupa huo wa taya. Robert Marx, daktari mpasuaji wa kinywa na taya wa Miami, Marekani, aliripoti wagonjwa 36 wa namna hiyo mwaka 2003.

Sasa, nani atapatwa? Wengi walikitegemea kipimo cha damu cha CTX, kinachoonyesha kasi ya mfupa kumeng'enywa. Mwongozo wa madaktari wapasuaji wa kinywa na taya wa Marekani wa 2022 unasema ushahidi wake hautoshi. Mwongozo huohuo unakadiria hatari ya kupatwa na ugonjwa huu kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa zoledronati kuwa chini ya asilimia 5. Sasa zinatengenezwa programu za kompyuta zinazojifunza kutoka kwenye mafaili ya wagonjwa. Nazipokea kwa moyo mmoja, ila kompyuta haiwezi kujua kisichoandikwa. Faili la kliniki ya saratani lina dozi, lina miezi ya matibabu, lina kisukari na steroidi. Fizi zinazotoka damu ziko wapi? Meno ya bandia yanayochuna ufizi yako wapi? Mara nyingi hakuna hata mstari mmoja, na hayo ndiyo yanayotangulia ugonjwa.

Kwa hiyo naomba kinywa kikaguliwe kabla ya dripu ya kwanza. Jino bovu lisilotibika ling'olewe mapema, na hali ya saratani ikiruhusu, tusubiri ufizi ufunike kidonda ndipo dawa ianze.

Nanyi wa meno, mkimuuliza mzee, "Unatumia dawa gani?" atajibu, "Situmii, mwanangu," kwa sababu vidonge hana, na dripu aliiacha mwaka juzi. Zoledronati hukaa kwenye mfupa kwa miaka. Muulizeni hivi: "Mzee, umewahi kuwekewa dripu au kuchomwa sindano ya mifupa?" Akisema ndiyo, koleo lisubiri kwanza, mpigieni simu daktari wake wa saratani.

Karibuni kwa maswali, tuanze na wauguzi.